Hiace ya Sentimita 20

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu huyafanya bila kushurutishwa na njaa wala na serikali, sijui kama lipo la ajabu kuliko kukitazama chombo kilichokwisha kuundwa kikamilifu, chenye injini na magurudumu na kazi yake maalumu duniani, kisha kujifungia chumbani na kukiunda upya kwa umbo dogo, kisiwe na moto wa kuwaka wala mzigo wa kubeba, na baada ya taabu hiyo yote kukiweka juu ya kabati na kukikinga na mikono ya watoto. Wapo watu wa akili timamu, wenye nyumba na madeni kama watu wengine, ambao jioni zao huzitumia katika shughuli hiyo: hununua sanduku la vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti vyao, wakavikata kimoja kimoja, wakavisugua kwa msasa, wakaviunga kwa gundi na kuvitia rangi, hata ikapatikana motokari ambayo paka akiikalia mara moja historia yake imekwisha. Mimi ni mmoja wa hao, na maskani yangu ni Katuba, katika mji wa Lubumbashi, mahali ambapo mtu mzima mwenye mvi akionekana ameshika kigari cha plastiki kwa vidole viwili huulizwa kwa adabu kama mjukuu wake amepona.

Kanuni ya ufundi huu ni nyepesi kuitaja. Kila kitu hugawanywa kwa namba moja, na namba iliyo mashuhuri kwa magari ni 24, nayo ni urithi wa futi ya Kiingereza, kwa kuwa nusu inchi ya kigari husimama badala ya futi nzima ya gari. Wamarekani wengi walipenda 25. Kiwanda cha AMT cha Michigan, kilichoanza mwaka 1948 kwa kutengeneza vigari vya kuonyeshwa madukani na wauzaji wa Ford, kilishika kipimo hicho, na mwaka 1958 kikatoa masanduku ambayo mnunuzi aliweza kuliunda gari lake kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, au kama gari la mashindano, au likiwa limegeuzwa na kupambwa kwa hawaa ya mwenyewe. Hapo ndipo fitina ilipoingia, kwa maana tangu wakati huo mwenye kigari hakutosheka tena na kuiga, alitaka kusahihisha. Wajapani wa mkoa wa Shizuoka, ambako ndiko makao ya Tamiya, Aoshima, Fujimi na Hasegawa, walishika 24, wakaifikisha kazi hii kwenye daraja ambalo mtu hupewa vioo viwili vya pembeni, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na hutarajiwa asivipoteze.

Kwa hesabu hiyo, Toyota Hiace ya mita 4.7 huwa na urefu wa sentimita 20 kasoro kidogo. Mtu wa mita 1.7 huwa wa sentimita 7. Na lile bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, lililosimama kwa mita 150 hivi kando ya kilima cheusi cha masalio ya shaba, lingekuwa na mita 6 na ziada, yaani refu kuliko paa lolote la njia yetu. Hesabu haina ila. Ila ni kwamba vipo vitu duniani visivyokubali kugawanywa kwa 24, na kwa sababu ambazo Mola ndiye azijuaye, karibu vyote vimehamia Katuba.

Cha kwanza katika hivyo ni uvumi. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, anakaa Bruxelles, naye ni mtu mkarimu ambaye hajawahi kuwa na tabia ya kueleza. Baada ya kunisikia kwenye simu nikitamani kigari cha Hiace, alikitafuta, akakipata, akampa msafiri aliyekuwa akirudi nyumbani, kisha akatuma ujumbe mfupi kwamba Hiace ya shemeji imepatikana na itafika Jumamosi. Ujumbe huo aliupokea binti yetu, akausoma kwa sauti ndani ya lupango, yaani uani kwetu, mbele ya wapangaji, mbele ya mama auzaye makaa mlangoni, na mbele ya kijana aliyekuja kudai pesa ya maji.

Msomaji aliye mbali sharti afahamu Hiace ni kitu gani kwetu. Ndiyo itupelekayo mjini asubuhi kwa kupitia Kenya, na Kenya niitajayo si ile nchi ya Nairobi, bali ni komini jirani yetu yenye soko kubwa. Ndiyo iturudishayo jioni magoti yakiwa yamegusana na ya watu tusiowajua. Ndiyo ipelekayo maiti na waombolezaji, kwaya na ngoma zake, magunia ya unga na wenyewe. Mwenye Hiace moja huhesabiwa miongoni mwa wenye nafasi: kila jioni hupokea mapato kutoka kwa dereva wake, na kila jioni hugombana naye, na ugomvi huo wenyewe ni dalili ya heshima. Basi habari kwamba mwalimu mstaafu, ambaye hadi jana yake alikuwa akitembea kwa miguu kuokoa nauli, ametumiwa Hiace kutoka Ulaya, haikuwa habari ya kulala mahali pamoja. Kufikia magharibi kila mtu wa njia yetu alikuwa nayo. Kesho yake Hiace zilikuwa mbili. Na kabla ya Jumamosi nilipata kujulishwa, na mtu niliyemheshimu, kwamba magari yangu yamekwama forodhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako huingilia magari mengi ya Japani yaliyoshushwa Dar es Salaam, na kwamba yeye ana mtu pale anayeweza kuyatoa.

Nilijaribu kukanusha. Lakini kukanusha mali kwetu ni namna ya kuithibitisha, maana maskini hana cha kukana, na kila nilivyoapa kwamba ni kigari cha plastiki cha kuwekwa juu ya kabati, ndivyo watu walivyozidi kutikisa vichwa kwa kustahi hekima yangu ya kuficha. Binamu aliyetoweka tangu arusi yake alinitokea na leseni ya udereva ndani ya bahasha. Shemasi wa kanisa aliniomba kwa upole safari moja ya kwenda Likasi na kwaya, mafuta juu yao. Kijana mmoja, minghairi ya kuajiriwa, alianza kazi ya kupokea nauli kwa moyo, akawa hukaa ukutani kwetu akijizoeza kuita abiria. Na mjomba wa mke wangu, mzee wa heshima zake, mwenye fimbo na kofia, alikuja kukaa nasi kabisa, akisema kwamba gari likifika sharti awepo mtu mzima wa kulipokea.

Likafika. Msafiri alilitoa katika begi lake, kati ya viatu na sabuni, sanduku jembamba la karatasi lenye picha ya Hiace nyeupe juu ya barabara isiyo na shimo hata moja. Mjomba aliliweka magotini, akalifungua kwa utaratibu, akavitazama vile vijiti vya plastiki vyenye vipande vyake, magurudumu ya mpira yaliyo sawa na vifungo vya koti, na ile karatasi ya maelezo iliyojaa Kijapani. Akainua kifuko kimoja baada ya kingine, akatazama chini ya sanduku, kisha akanigeukia.

“Na ingine iko wapi?”

Sikumjibu mara moja, na tangu hapo mzee aliamini kwamba hili ni sanduku la vipuri na kwamba gari lenyewe liko njiani.

Cha pili kisichogawanyika ni vumbi. Lubumbashi ina nyakati mbili, na mpaka rangi, ama wa vigari ama wa milango, hana urafiki na wakati wowote kati ya hizo. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, hewa hujaa unyevu, na rangi ya kupuliza ikikauka katika hali hiyo huota weupe juu yake kana kwamba imeona mzimu. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hadi Oktoba, unyevu huondoka na mahali pake huja vumbi jekundu la njia zetu, ambalo upepo wa Agosti hulipitisha madirishani, chini ya milango, ndani ya makabati yaliyofungwa kwa ufunguo na, naamini, ndani ya mayai kabla hayajatagwa. Nikachagua Agosti. Sasa fikiri, ewe msomaji, maana ya kipimo: punje ya mchanga ya nusu milimita, ambayo juu ya gari la kweli hakuna aionaye, ikianguka juu ya paa la kigari changu huwa ni jiwe la milimita 12. Paa langu lilipata mawe mengi ya namna hiyo. Nzi wa milimita 7, aliyetua juu ya boneti ilipokuwa mbichi na kutembea kutafuta njia ya kutokea, alikuwa kwa kipimo kile ndege wa sentimita 17 aliyeganda miguu, akipiga mbawa juu ya gari la mtu. Na usiku ule ule mjusi wa ukutani alipita, akaacha nyayo kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Mjusi wa sentimita 10, ambaye katika dunia ya Hiace ile alikuwa mnyama wa mita 2 na 40, na laiti mule ndani mngekuwamo abiria, wangekuwa na la kusimulia.

Lakini nimetangulia mbele ya rangi yenyewe, ambayo nayo ina hadithi. Mafundi wa vigari wa Ulaya na Japani hutumia rangi zao maalumu zisizodhuru plastiki, zilizomo katika vikopo vya kupuliza. Na vikopo vyenye hewa ya kubanwa na ya kuwaka haviruhusiwi kupanda ndege ndani ya begi la abiria. Rangi ikabaki Bruxelles. Nikaenda kwa fundi wa rangi za magari, mtu hodari, ambaye chini ya mwembe wake mabasi yaliyobondeka pande zote hulala yakaamka mapya. Alikipokea kigari changu bila kucheka hata kidogo, jambo ambalo namshukuru hadi leo, akakizungusha kwenye mwanga, akauliza swali ambalo kila mtu wa kazi yake huanza nalo.

“Mwalimu, nani aliigonga?”

Nikamwambia haijagongwa, ni mpya. Akaniambia kwa huruma kwamba wote husema hivyo. Akachanganya rangi nyeupe na tina yake kali, ile inayotuliza rangi juu ya bati, akaipuliza kwa mkono mmoja wa ustadi usio na shaka. Bati hustahimili tina; plastiki ya polistirini, ambayo ndiyo nyama ya vigari hivi, haina stahamala hiyo, kwani tina huiyeyusha ngozi yake. Tuliitazama sote wawili. Kwanza iling’aa, ikapendeza mno. Kisha ikaanza kusinyaa taratibu, ikatoa mikunjo, na mwisho boneti nzima ikapasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililohamwa na maji. Fundi hakufadhaika. Alileta mastiki, ile ya kuziba mabonde ya milango, akaleta na nyundo, na ilinibidi nimshike mkono. Alinidai nusu ya bei, akisema kwamba gari ni dogo lakini maradhi ni yale yale.

Gundi nayo ilikuja na tabia yake. Iliyo halali kwa kazi hii haigandishi, bali huyeyusha kidogo kingo mbili za plastiki zikaingiana na kuwa kitu kimoja, na kwa kuwa nayo huwaka moto, ilifuata hukumu ile ile ya vikopo vya rangi. Hapa Katuba twatumia gundi ya washona viatu, ile ikaukayo kabla hujasema neno, ambayo kwa soli ni rehema. Kwa vioo ni balaa la aina ya peke yake. Mvuke wake hupanda, ukakutana na unyevu wa hewa, ukatua juu ya kila kitu kilicho wazi na laini, na asubuhi yake kioo kilichokuwa safi kama hakipo hukutwa na ukungu mweupe usiofutika, ndani na nje. Nilitazama ndani ya Hiace yangu nikaona kama ambavyo mtu huona mjini alfajiri ya mwezi wa Juni, wakati abiria 18 wamepumua pamoja na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mke wangu, ambaye hadi hapo alikuwa hajasema kitu juu ya mradi huu, aliinama, akachungulia, akasema kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokipatia.

Usemi wake ulinikaa. Lakini kabla sijaufanyia kazi lilitokea jambo la chapa. Vigari huja na karatasi yenye maandishi madogo, namba za gari na nembo, ambayo hulowekwa majini hata utando wake ukateleza kutoka kwenye karatasi, ndipo mtu akauhamishia mahali pake kwa ncha ya kibano. Nikailoweka karatasi hiyo katika kikombe. Umeme ukakatika. Nikaenda kutafuta mshumaa, na katika nyumba yetu mshumaa ni kitu ambacho kila mtu anajua kilipo isipokuwa kwamba hakipo pale. Nyuma yangu, gizani, mjomba alihisi kiu ya chai. Akapapasa, akapata kikombe chenye maji kidogo, akayamwaga kwa ustaarabu nje ya dirisha, akajimiminia chai kutoka kwenye birika lililokuwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akakaa. Niliporudi na mwanga alikuwa anamalizia. Alikiinamisha kikombe kuelekea mshumaa, akatazama chini yake kwa muda mrefu, na mkono wake ukaanza kutetemeka. Kwa kuwa chini ya kikombe, kwa herufi za Kijapani zilizo wazi na safi, ilikuwa imekaa namba kamili ya gari.

Mzee aliitoa kofia yake. Aliniambia kwamba babu yake naye alikuwa akionyeshwa mambo, ingawa si katika chai. Tangu usiku ule hakuna awezaye kumtoa katika itikadi kwamba Hiace imeshavuka bahari, na kikombe kile hakiruhusiwi kuoshwa kwa nguvu.

Wako watakaoniuliza kwa nini sikuacha. Nami nawajibu kwamba nchi yetu imewahi kutoa bingwa wa kazi za namna hii ambaye dunia nzima ilimvulia kofia. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alikuwa akitengeneza vinyago vibovu kuwa vizima katika makumbusho ya taifa Kinshasa; kisha akajitoa kabisa kwa kujenga majumba na miji mizima kwa karatasi ngumu, maboksi ya bidhaa, vifuniko na gundi, miji yenye minara ya rangi ambayo hakuna serikali iliyopata kuijenga. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, baada ya kifo chake, jumba la sanaa za kisasa la New York likampa maonyesho yake pekee. Nilimsimulia mke wangu habari hizi kwa ufasaha mkubwa, nikitilia mkazo maboksi na gundi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anachambua majani ya sombe.

“Baba,” akasema, “huyo walimlipa.”

Sasa nirudi kwenye ukungu wa kioo. Mtu aliyenunua kigari Shizuoka au Bruxelles huhangaika usiku na mchana ili kifanane na gari la dukani, jambo ambalo kwake lina maana, kwani magari ya dukani huyaona. Mimi Hiace ya dukani sijapata kuiona maishani. Nilizoziona zote zimefika zikiwa na maisha ya watu wengine ndani yake, na maandishi ya kampuni za usafi za Osaka ubavuni, na usukani upande wa kulia ilhali sisi twaendesha upande wa kulia wa njia, hata dereva akitaka kulipita lori humwuliza abiria wa kushoto kama kuna kitu kinakuja. Wenzetu wa Ulaya, wapatapo sanduku la Kijapani, hukata dashibodi na kuhamisha usukani wa plastiki kwenda kushoto ili kigari kifanane na vya kwao. Mimi taabu hiyo nimesamehewa na hali ya Katanga. Na kama hivyo ndivyo, basi boneti iliyopasuka, mawe juu ya paa, kioo cha moshi, na nyayo za mjusi, ambazo ukiacha kuzifikiria huonekana kama mikwaruzo ya mizigo, havikuwa hasara. Magwiji wa ufundi huu hununua poda maalumu za kutia kutu na uchafu wa bandia, wakazipaka kwa brashi nyembamba na kuiandikia sanaa hiyo vitabu. Katuba ilinifanyia karibu bure, na kwa haraka.

Lililosalia lilikuwa ni vitu vidogo vya nje, na hapo nikakutana na shule nyingine ya ufundi, iliyo kongwe kwetu kuliko plastiki. Watoto wa Katuba huunda magari yao kwa waya. Huokota nyaya za tairi zilizochomwa na vipande vya kebo, hukata makopo ya maziwa na ya nyanya ya kuundia kibanda cha dereva, hutoa magurudumu katika soli za kandambili zilizochakaa, kisha huunga fimbo ndefu ya waya yenye usukani wa duara juu yake, ili mwenye gari aliendeshe akiwa wima, akilikimbiza mbele yake njia nzima. Wanayoyapenda zaidi ni malori marefu yabebayo shaba kwenda Zambia, na wameyajua kwa undani: breki, kitanda cha dereva, tela na maungio yake. Kipimo cha 24 hawakijui. Usukani huwa mkubwa kuliko mlango na tela refu kuliko haki, kwa kuwa wanakuza kile wanachokijali, na nimeona wachongaji wa sifa wakifanya vivyo hivyo na vichwa vya watu.

Mmoja wao, mtoto wa mpangaji wetu, alikuwa akisimama dirishani kwangu muda mrefu bila kusema. Siku moja akasema.

“Papa, hii motokari iko natembea?”

Nikamwambia hapana.

“Iko nabeba nini?”

Haibebi kitu.

Alifikiri. “Sasa iko natumika kazi gani?”

Nilianza kumweleza juu ya umbo na uwiano na raha ya jicho, na nikiri kwamba maneno hayo, mbele ya mtoto ambaye lori lake la waya lilikuwa limetoka kupeleka kilo moja ya unga wa bukari, yaani ugali wetu, kutoka sokoni, yalipungua uzito kadiri nilivyoendelea. Hata hivyo tulifanya biashara. Yeye ndiye aliyeniletea uzi mmoja mwembamba wa shaba, uliochomolewa katika kebo, ambao kwa kipimo cha 24 hukaribia sana unene wa antena ya kweli; na ndiye aliyenisokotea kichanja cha mizigo juu ya paa, kilichopinda upande mmoja kama vilivyopinda vyote, na vifagio viwili vya kioo ambavyo, kama vyote vile vile, kimoja tu ndicho kinachogusa. Kwa malipo alitaka magurudumu ya ziada yaliyokuja ndani ya sanduku, yale mapana yenye rimu za kung’aa, ambayo vijana wa Japani huyapenda kwa kulishusha gari hadi karibu na ardhi. Nikampa. Hivi sasa lipo lori moja la waya katika njia yetu lenye rimu za Shizuoka mbele na kandambili nyuma, na wenzake wameshaanza kuja dirishani mmoja mmoja kuuliza kama shemeji hatatuma lingine.

Kijana yule wa kupokea nauli, ambaye tangu mwanzo hakuvunjika moyo, ndiye aliyeniletea mtu wa mwisho wa kukikagua kigari: dereva wa kweli wa Hiace ya kweli, mwenye miaka mingi ya njia ya Katuba, mtu wa maneno machache kwa sababu sauti yake huitunza kwa kazi. Alinawa mikono, nikamwekea kigari mezani. Paa lilikuwa bado halijagandishwa. Aliizunguka meza yote, akaegemea, akatazama kioo chenye ukungu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akagusa boneti iliyopasuka kwa ukucha, akauliza ni fundi gani, nikamtajia, akacheka kwa mara ya kwanza, maana ndiye fundi wake. Kisha akaomba ruhusa ya kuliinua paa.

Humo ndani, nilifikiri, nilikuwa nimejitahidi. Sanduku lilikuja na viti vya safu mbili vyenye vitambaa, vya familia ya watu wanne na mbwa; nilikuwa nimeving’oa, nikaweka mahali pake mabenchi ya karatasi ngumu kwa kufuata kawaida ya mji wetu, safu kwa safu, nikaacha ujia mwembamba wa kupita mtu. Dereva alihesabu kwa kidole, kutoka nyuma kuja mbele. Alipofika nyuma ya kiti chake alisimama, akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyeona ubadhirifu.

“Mwalimu, hapa uliacha bure.”

Nikamwambia hapo ni mahali pa miguu.

“Weka benchi, watazame nyuma. Bantu bane banakaa hapa bila shida.”

Nikachukua rula, nikampimia. Nafasi ile ilikuwa na upana wa sentimita 6, na mtu mzima kwa kipimo cha 24 ana mabega ya karibu sentimita 2, hivyo kwa hesabu ya haki wangekaa watatu, na tena wakiwa marafiki. Akaisikiliza hesabu yangu hadi mwisho kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgeni akieleza namna ya kupika bukari. Mjomba, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, alisema kwamba yeye kwenye msiba wa mwisho walikaa watano. Dereva akamwitikia kwamba ni kweli, lakini ule ulikuwa msiba. Wakabishana kwa muda mrefu, wanne au watano, na hakuna aliyenigeukia tena mimi wala rula yangu, hata mke wangu alipoingia na kuuliza kama mmoja katika hao wanne ni mama mwenye mtoto mgongoni, kwa kuwa mtoto hahesabiwi, ndipo wakakubaliana, nami nikaombwa nilete mkasi.